Dansi ya kikatuni ya sekunde 16: hesabu ya mapigo kwanza, penseli baadaye

Video fupi ya mtindo wa anime, yaani katuni za Kijapani, binti mdogo mwenye kichwa kikubwa na macho ya kung'aa akicheza juu ya jabali la Dodoma, mara nyingi huharibika kabla mchoro wa kwanza haujachorwa. Huharibika pale mtu anapochagua wimbo anaoupenda, akafungua programu, akaanza kuchora fremu ya kwanza, ya pili, ya tatu, akitumaini miguu itakutana na ngoma huko mbele. Haikutani. Kufika sekunde ya sita mchezaji anakanyaga nje ya mdundo, na mtazamaji, hata asipojua kosa liko wapi, anaona kwamba huyu mtoto hachezi, anatingishwa.

Tiba yake ni hesabu ya shule ya msingi. Anime hutumia fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo dakika moja ina fremu 1,440. Gawa 1,440 kwa idadi ya mapigo ya wimbo kwa dakika, utajua pigo moja linakula fremu ngapi. Wimbo wa mapigo 120 unakupa fremu 12 kamili. Wa 144 unakupa 10, wa 160 unakupa 9, wa 96 unakupa 15, wa 90 unakupa 16. Hizo ndizo spidi za kutafuta. Wimbo wa mapigo 128 unakupa fremu 11.25, na robo hiyo ndiyo inayoua: ukilitengea kila pigo fremu 11, baada ya mapigo 32 mchezaji atakuwa ameutangulia wimbo kwa fremu nane, yaani theluthi ya sekunde. Kwa spidi hiyo ni zaidi ya nusu ya pigo, na hakuna jicho lisiloliona hilo.

Anayeanza achukue 120 na asihangaike. Kumi na mbili inagawanyika kwa mbili, kwa tatu na kwa nne, kwa hiyo inabeba mdundo wa kawaida wa Bongo Fleva na pia mdundo wa tatutatu wa ngoma nyingi za asili, ambapo ndani ya pigo moja kuna miguso mitatu, kila mguso fremu nne. Spidi ya 144 haikubali tatutatu, maana kumi haigawanyiki kwa tatu. Singeli nyingi huzidi mapigo 200; ukipata ya 240, pigo ni fremu sita, basi mcheze binti kwa nusu ya spidi na uache mabega tu yafuate spidi yenyewe. Amapiano husimama kwenye 110 hadi 115 hivi, nayo haigawanyiki vizuri, hivyo inahitaji alama za mkono nitakazozieleza sasa hivi.

Kupima spidi, hesabu mapigo ndani ya sekunde 30 kisha zidisha kwa mbili. Ukipata 118 au 122, ingiza wimbo kwenye Audacity, ambayo ni ya bure, ubadilishe mwendo uwe 120 bila kugusa sauti. Tofauti ndogo kiasi hicho hakuna sikio litakaloilalamikia. Ukitoka 112 kwenda 120 umepandisha kwa asilimia saba, na hapo mwimbaji ataanza kusikika kama anakimbizwa. Ngoma iliyopigwa na mikono ya watu ina tabia nyingine: hupanda kadiri uwanja unavyochangamka, hivyo kugawa hakusaidii. Sikiliza rekodi polepole, weka alama kwenye kila pigo la ngoma kubwa, kisha andika namba ya fremu ya kila alama. Mapigo mengine yatakuwa na fremu 12, mengine 11, na michoro yako ifuate alama, isifuate wastani. Na wimbo ni mali ya mtu: video ikiwa ya kutangaza duka au shughuli, tafuta ruhusa ya mwenye wimbo kwanza. COSOTA ndiyo ofisi inayosimamia hakimiliki nchini.

Baada ya wimbo, usiguse simu wala kishikwambi. Chukua daftari la hesabu la vijiboksi, ligeuze lilale. Kila kijiboksi ni fremu mbili. Pigo moja ni vijiboksi sita, mapigo manne ni vijiboksi 24, na huo uwe mstari mmoja. Sekunde 16 kwa spidi ya 120 ni mapigo 32, ambayo wacheza dansi huyahesabu kama nane nne, kwa hiyo video nzima ni mistari minane. Inaenea kwenye ukurasa mmoja. Juu ya kila mstari andika hatua, chini yake andika uso unafanya nini, na mstari wa tatu uwe wa vitu vinavyoning'inia: nywele, shanga, ncha ya kanga. Mstari huu wa tatu ndio wengi huusahau, na ndio unaotenganisha katuni inayopendeza na katuni inayosogea tu.

Sasa gharama. Ukichora mchoro mpya kila fremu mbili kwa sekunde 16, ni michoro 192. Mtu anayechora baada ya kazi ataishia njiani. Mpango mzuri unaishusha hadi chini ya 80 bila mtazamaji kuhisi upungufu, na hivi ndivyo ninavyoupendekeza. Nane ya kwanza iwe kitanzi kimoja, yaani mwendo unaojirudia: kulia, kushoto, kulia, kushoto, kila hatua pigo moja. Chora hatua ya kulia na ya kurudi kati tu, michoro 12, kisha igeuze kama kwenye kioo upate ya kushoto. Nane ya pili ilete hatua mpya ya mikono, mapigo manne, michoro 24, irudiwe mara moja lakini uso ubadilike. Mara ya kwanza anatabasamu, mara ya pili amefumba macho. Nane ya tatu isogeze kamera karibu, kifua na kichwa tu, mabega yakitikisika: michoro 12 inatosha kwa sababu kichwa kipo kwenye leya yake, yaani tabaka lake la mchoro, na hakichorwi upya. Nane ya nne irudie kitanzi cha kwanza kwa mapigo manne, azunguke mara moja kwa mapigo mawili, michoro 12, kisha asimame kwenye pozi la mwisho kwa mapigo mawili. Hapo mwili haugusiki tena, ila nywele na shanga zinatulia kwa michoro sita. Jumla 66. Ongeza midomo mitano na kope tatu, uko kwenye 74.

Kurudia michoro si ujanja wa maskini. Osamu Tezuka na studio yake walipoanza kurusha katuni ya kila wiki kwenye televisheni ya Japani mwaka 1963, ilibidi wapunguze michoro, washike pozi kwa muda mrefu na watunze michoro ya zamani ili waitumie tena. Ile namna ya anime tunayoijua leo, pozi linalosimama imara huku macho na nywele tu vikisogea, ilikomaa ndani ya ubanaji huo. Anayetaka kuiga mtindo akachora kila kitu kikisogea muda wote amekwisha kuukosa.

Kitu kinachostahili muda wako ni pigo moja, michoro sita, kwa sababu pigo hilo litaonekana tena na tena. Dansi ya kupendeza inaruka kwa magoti. Mwili unakuwa chini kabisa pale ngoma inapogonga, kisha unapanda, unakaa juu kidogo, unaanguka kwa haraka. Tuseme chini kabisa ni sifuri na juu kabisa ni 100. Michoro sita iwe hivi: 0, 40, 75, 95, 100, 60, kisha unagonga sifuri tena kwenye pigo linalofuata. Ona jinsi mchoro wa nne na wa tano zilivyokaribiana. Hapo ndipo mtoto anaonekana mwepesi. Ona pia kwamba kushuka kunachukua nafasi mbili tu, 100 hadi 60, 60 hadi 0. Wengi hugawa sawa kwa sawa, 0, 33, 66, 100, 66, 33, na matokeo yake ni mwili unaopanda na kushuka kama lifti, hauna uzito wala furaha.

Kwenye mchoro wa sifuri bonyeza kichwa: upana uongezeke kwa asilimia tano, urefu upungue kwa asilimia tano. Kwenye mchoro wa tatu, anapopanda kwa kasi, fanya kinyume. Zaidi ya hapo kichwa kinaanza kuonekana cha mpira, na uso wa anime hauvumilii hilo kwa sababu macho yake ni makubwa na kila msukosuko unaonekana. Nywele zichelewe michoro miwili: mwili ukiwa umeshafika chini, nywele bado zinashuka, mwili ukianza kupanda, ndipo nywele zinagonga mabega. Shanga zichelewe mchoro mmoja tu, kwa kuwa ni nzito na ziko karibu na mwili.

Halafu jambo dogo lenye faida kubwa: sogeza picha yote itangulie sauti kwa fremu moja au mbili. Duniani mwanga hutangulia sauti, kwa hiyo macho yetu yanasamehe picha inayowahi kuliko sauti inayowahi. Mguu ukigusa chini fremu mbili kabla ya ngoma, utaona uko sawasawa. Ukigusa fremu mbili baada ya ngoma, utaona amechelewa.

Sasa mwili wenyewe. Urefu wote wa umbo la kupendeza huwa sawa na vichwa vyake viwili hadi vitatu. Mimi nashauri viwili na nusu, kwa sababu chini ya hapo miguu haionyeshi hatua. Kwenye video ya wima ya pikseli 1080 kwa 1920, mpe binti urefu wa pikseli 1200 hivi. Kichwa chake basi ni 480, na mkono kutoka begani ni kama 380. Tazama namba hizo mbili. Bega liko chini tu ya kidevu, na mkono wa 380 hauwezi kuvuka kichwa cha 480. Mtoto huyu hawezi kupiga makofi juu ya kichwa. Hili huangusha mipango mingi, maana mtu anachukua hatua kutoka kwa mchezaji wa kweli, anafika kwenye mikono juu, na ama anarefusha mikono ghafla hadi inatisha, ama mikono inaganda kwenye masikio. Chagua hatua zinazofaa mwili huo tangu mwanzo: mikono mbele ya mashavu, ngumi mbili chini ya kidevu, viganja vikipepea pembeni, kiuno kikiyumba, kichwa kikilala upande mmoja. Teke pia liache. Miguu mifupi ikirushwa inaonekana kama amejikwaa. Visigino vikipinduliwa ndani na nje vinasomeka vizuri zaidi.

Macho yakae chini ya nusu ya uso na yaachane kwa upana wa jicho moja au zaidi. Pua iwe nukta, mdomo usogee juu karibu na macho. Ile nukta nyeupe ya mwanga ndani ya jicho isizunguke na kichwa. Mwanga unatoka upande mmoja, nayo ibaki upande huo. Kupepesa kunahitaji michoro mitatu, nusu, kufumba, nusu, na usiuweke juu ya pigo. Weka kati ya mapigo, vinginevyo unafuta uso wakati ambao mtazamaji anautazama zaidi.

Ngozi yetu inataka uangalifu ambao mafunzo mengi ya anime hayaugusi. Kivuli cha ngozi ya kahawia kikipakwa kwa kuongeza nyeusi, uso unaonekana mchafu. Kivute kivuli kuelekea wekundu wa zambarau, na mwanga kuelekea rangi ya chungwa. Mistari iwe kahawia iliyoiva badala ya nyeusi. Wekundu wa mashavu, ambao ndio roho ya sura ya kupendeza, ukitumia waridi ya kawaida kwenye ngozi nyeusi utageuka majivu. Tumia nyekundu ya tofali iliyo angavu kidogo kuliko ngozi.

Nywele ndizo zinazoamua utachora mpaka lini. Rasta nane ndefu kwenye michoro 66 ni rasta 528 za kuchora moja moja, na kila moja inataka ichelewe kwa namna yake. Mafundo mawili ya nywele za asili juu ya kichwa ni duara mbili. Zinachorwa kwa sekunde chache, zinatikisika vizuri, na zinampa binti umbo linalotambulika hata akiwa mdogo kama ukucha kwenye kioo cha simu. Twende kilioni nayo ni nzuri kwa sababu imelala kichwani na haihitaji kuchelewa.

Kwa mavazi, Dodoma ina hazina. Wanawake wa Kigogo wanaocheza muheme, wakiwa wamebana ngoma miguuni, huvaa shanga pana shingoni, na mabega yakitikisika shanga zile huruka na kurudi kifuani. Mchora katuni hapewi zawadi kubwa kuliko hiyo: mwendo wa mabega peke yake, mwili umetulia, na duara pana la rangi linalopanda na kushuka. Ndiyo maana nane ya tatu niliiweka karibu. Chora shanga kama sahani moja yenye pete tatu au nne za rangi bapa. Usichore chembe moja moja, zitawaka na kuzima kila fremu. Anayetaka kuikaribia ngoma yenyewe akaitazame ikichezwa, na Chamwino hufanyika tamasha la muziki wa Cigogo ambako utaona mabega hayo kwa macho yako. Ukishaona utajua kwamba mwendo hautoki shingoni, unatoka kwenye magoti.

Kanga ina mtego wake. Ukigeuza kitanzi kama kwenye kioo, jina la kanga litasomeka kinyumenyume, na hakuna Mtanzania atakayeacha kuliona. Ama liache jina lisionekane anapocheza, ulionyeshe kwenye pozi la mwisho pekee, ama liweke kwenye leya isiyogeuzwa. Kipini cha puani, hereni moja, begi begani, vyote vina tatizo hilohilo.

Mandhari nitayapitia haraka kwa kuwa yanachorwa mara moja tu. Majabali ya kijivu, mbuyu, vumbi jekundu na anga pana ya kiangazi yanakutosha. Mlima wa Simba unatambulika kwa umbo lake hata ukiuchora kwa rangi mbili. Mbuyu usio na majani, mnene chini na vijitawi vifupi juu, tayari ni kiumbe cha anime. Hakikisha nyuma ya binti pametulia na pana rangi hafifu kuliko yeye. Kaza macho mpaka picha iwe na ukungu: ukimpoteza, punguza rangi ya nyuma. Ukichora machweo usitumie mchanganyiko laini wa rangi, maana mitandao ikishabana video utaona michirizi kama ngazi angani. Tumia mikanda mitatu ya rangi bapa. Vumbi la chembechembe nalo litageuka matope. Vifundo vitatu vya vumbi kila anapokanyaga vinatosha, kila kimoja michoro minne. Acha pia robo ya chini na ukingo wa kulia bila kitu cha maana, ndiko maelezo na vitufe vya mtandao hukaa.

Ukimrekodi mtu ili upate hatua, simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, tena zisizolingana sawasawa, kwa hiyo usifuate fremu zake moja kwa moja ndani ya mradi wa 24. Chukua pozi kuu tu, mbili kwa kila pigo, la chini na la juu, na nafasi za katikati uzipange kwa zile namba sita. Simamisha simu usawa wa kiuno cha mchezaji, umbali wa mita tatu hadi nne. Ukiikaribia zaidi, lenzi inavimbisha goti la mbele. Rekodi asubuhi kabla ya saa tatu. Saa sita jua la Dodoma linaangusha kivuli cheusi chini ya paji la uso na macho hayaonekani, na alasiri upepo unavuruga sauti ya wimbo unaomchezesha, akaanza kubahatisha pigo.

Programu si suala kubwa. FlipaClip inatosha kwenye simu, ila toleo la bure huweka nembo yake kwenye video. Kwenye kompyuta mpakato, Krita na OpenToonz ni za bure na zinapokea sauti. Popote ulipo, weka fremu 24 kabla ya kuchora, maana kubadilisha baadaye kunavunja hesabu yote. Tenganisha leya: mandhari, mwili, kichwa, macho na mdomo, nywele, shanga. Kisha chora pozi kuu zote 32, moja kwa kila pigo, kwa mistari mibovu, na uitazame na wimbo. Ikiwa haichezeki katika hali hiyo, rangi haitaiokoa. Rudi kwenye daftari, kufuta hapo ni rahisi.

Ukitoa faili, megabiti 10 kwa sekunde zinatosha, na kwa sekunde 16 ni kama megabaiti 20, bando haliumii. Kumtumia mwenzako kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ikitumwa kama video inabanwa na mistari inapoteza ukali. Mwisho angalia mshono. Mitandao hurudisha video mwanzo yenyewe, kwa hiyo fremu ya 384 lazima ipokewe na fremu ya kwanza. Katika pozi la mwisho, shusha magoti taratibu kwenye vijiboksi viwili vya mwisho ili afike karibu na sifuri, halafu fremu ya kwanza igonge sifuri pamoja na ngoma. Sauti nayo ikatwe palepale pigo la 32 linapoisha. Mwangwi ukibaki nyuma yake, hata wa nusu sekunde, mzunguko unakwama na mtu anasogeza kidole kwenda video nyingine.